Kazi Doha, deni Mombasa: jinsi ya kulipa ya nyumbani bila kuumbuka

Kila mtu wa mtaani anapopata viza ya Ghuba, simu yangu haina raha. Haniulizi joto la Doha wala chakula cha kambini. Anauliza yale yale aliyoniuliza aliyemtangulia: mkopo wa SACCO nitaulipaje? Laini ya M-Pesa itafanya kazi huko? Chama cha kuchangiana pesa nimwachie nani? Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limekauka, sasa nimeandika.

Mfano ninaotumia ni wa Mkenya anayekwenda Qatar kwa mkataba wa miaka 2, mshahara wa kawaida: mlinzi, dereva, mhudumu wa hoteli, msafishaji. Anayekwenda Saudia, Falme za Kiarabu au Oman atakuta mengi ni hayo hayo, abadilishe jina la sarafu tu.

Kabla ya hatua yoyote, tenganisha watu wawili: anayekudai na anayekuomba. Deni lina tarehe na adhabu. Ombi lina sauti ya mama kwenye simu. Tunaharibikiwa kwa sababu ombi hupiga kila siku na deni hunyamaza, mpaka siku litakapozungumza, na siku hiyo halizungumzi nawe. Linazungumza na mdhamini wako.

Uwe na nini kabla ya kupanda ndege

- Karatasi moja yenye madeni yote: unayedaiwa naye, baki, kiasi cha kila mwezi, tarehe ya kulipa, nambari ya akaunti, na adhabu ya kuchelewa. Usiseme unayajua kichwani. Yaandike.
- Taarifa ya mkopo iliyotolewa na SACCO au benki yenyewe mwezi huu, si ile ya mwaka jana.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Kuna watu wazima wanaotumia laini ya marehemu baba.
- Akaunti ya benki nyumbani, kwa jina lako, yenye programu ya simu inayofunguka.
- Nenosiri la iTax, yaani mtandao wa kodi wa KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), na la barua pepe iliyounganishwa nayo. Hapa wengi hushtuka: PIN ya KRA walifunguliwa na kijana wa saiba, duka la intaneti, na barua pepe ni ya huyo kijana. Ibadilishe iwe yako ukiwa bado uko Kenya.
- Marejesho ya miezi 2, ikiwezekana 3, yakiwa yamekaa benki.
- Mtu mmoja wa kwenda ofisini kwa niaba yako inapobidi. Mmoja. Usiwe na wanne.

Hatua ya 1: Piga hesabu kwa mshahara wa msingi

Soma mkataba, usimsikilize wakala. Wakala hujumlisha msingi, muda wa ziada na bakshishi ambayo hujaiona, halafu anakutajia jumla kana kwamba imo mfukoni. Qatar ina kima cha chini tangu Machi 2021: riyali 1,000 za msingi, na kama mwajiri hatoi chakula na malazi, aongeze riyali 300 za chakula na 500 za malazi. Ukiona mkataba uko chini ya hapo, simama kwanza.

Tuseme umepata riyali 1,500, chakula na kitanda juu ya kampuni. Riyali ya Qatar imefungwa kwenye dola, riyali 3.64 kwa dola moja, haipandi wala haishuki. Kinachocheza ni shilingi yetu. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Kwa bei ya 160, riyali 1,500 zilikuwa karibu shilingi 65,900. Miezi michache baadaye dola ilikuwa karibu 130, na riyali zile zile zikawa kama 53,500. Zaidi ya elfu kumi na mbili zimeyeyuka na hakuna aliyekukata mshahara. Nakumbuka mwenzangu wa kitanda cha juu aliyechukua mkopo mwingine wa ploti mwezi huo wa Januari, akihesabu kwa 160. Kufika Aprili alikuwa anakopa nauli ya teksi.

Mimi hupiga hesabu kwa 120 hata dola ikiwa juu. Riyali 1,500 kwa 120 ni kama shilingi 49,400. Kisha jumla ya madeni yenye tarehe isizidi nusu ya hapo, yaani kama 24,700. Ikizidi, usiondoke kwa matumaini ya muda wa ziada. Nenda hatua ya pili ukapunguze mzigo kwanza. Muda wa ziada ukija, ni wa kumaliza deni mapema.

Hatua ya 2: Nenda kwa wanaokudai wakikuona uso

Anza na SACCO. Kama ulikuwa ukikatwa na mwajiri, siku unayoacha kazi makato yanakufa, na hakuna atakayekupigia kukuambia. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili unapita, wa tatu barua zinaanza, na zinakwenda kwa wadhamini. Kwa hiyo ingia ofisini na barua inayosema unaacha kazi tarehe fulani, unakwenda nje, na utalipa kupitia benki. Omba mambo mawili. La kwanza, tarehe ya kulipa isogezwe: mishahara mingi huku Qatar huingia kati ya tarehe 1 na 7, basi omba tarehe 15 ili upate nafasi ya kupumua. La pili, kama kiasi cha mwezi ni kikubwa, waulize kama muda unaweza kurefushwa. Utalipa riba zaidi, ni kweli, lakini kiasi kidogo kinacholipwa kila mwezi ni bora kuliko kikubwa kinachorukwa. Wakikubali, omba iwe kwa maandishi, ikiwa na mhuri.

Ukitoka hapo, tafuta wadhamini wako mmoja mmoja. Wape nambari yako ya WhatsApp na waambie kwamba wakipokea ujumbe wowote wa SACCO wakutafute kabla hawajakasirika. Wengi huona aibu kwa hili. Aibu hiyo ni ndogo.

Mkopo wa HELB, ule wa serikali wa kusomea chuo, nao usiuzike. Riba yake ni asilimia 4 tu kwa mwaka, ambayo si kitu, ila adhabu ya kutolipa ni shilingi 5,000 kila mwezi. Mtu anakaa miaka 2 Doha akidhani amesahauliwa, anarudi anakuta laki na ishirini za adhabu tupu.

Mikopo ya simuni imalize yote kabla ya safari. Na hasa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisilotosha. Ukiacha deni la Fuliza, siku utakayojitumia pesa M-Pesa ili ulipie kitu, zinamezwa zikiingia, na wewe uko kwenye foleni Doha ukishangaa salio.

Hatua ya 3: Funika miezi miwili ya kwanza

Hapa ndipo wageni wengi huanguka, tena wakiwa na nia nzuri. Ukitua tarehe 20, mshahara wa mwezi huo usiuhesabu. Utapelekwa kupimwa afya, kupigwa alama za vidole, kusubiri kitambulisho cha Qatar, na bila kitambulisho hicho huna akaunti wala duka la kutuma pesa litakalokuhudumia. Mshahara kamili wa kwanza unaweza kukukuta mwezi wa pili ukielekea ukingoni. Wakati huo SACCO imeshadai mara mbili.

Ndiyo maana ya ile akiba ya miezi miwili. Iache kwenye akaunti ambayo marejesho yatakatwa. Usimwachie mtu mkononi wala usiiweke M-Pesa ambako utaiona kila ukifungua simu.

Tahadhari: usikope ili upate akiba hii. Kama huna, ahirisha tarehe ya safari kama mwajiri anaruhusu, au omba SACCO ikusimamishie miezi miwili kwa maandishi.

Hatua ya 4: Iache benki ikulipie

Nenda benki uandikishe agizo la kudumu: kila tarehe 15 wakate kiasi fulani kutoka akaunti yako wapeleke SACCO, wapeleke HELB, na penginepo. Baada ya hapo kazi yako huku ni moja tu kila mwezi, kuhakikisha pesa zimeingia kabla ya tarehe 15.

Angalia mambo haya. Agizo likikuta akaunti tupu, benki nyingi hutoza ada, na SACCO inakuhesabia hujalipa. Kwa hiyo acha mto wa shilingi elfu mbili tatu hivi juu ya kiasi kinachohitajika, kwa ajili ya ada za benki. Pili, hakikisha nambari yako ya uanachama imeandikwa kwenye agizo, tarakimu kwa tarakimu. Pesa isiyo na nambari hukaa kwenye akaunti ya SACCO miezi bila mwenyewe.

Akaunti hii isiwe ile ile ya matumizi ya nyumbani. Matumizi ya nyumbani yapite M-Pesa ya mama au ya mwenzio. Ukichanganya, siku ya kuugua mtu utachota ya SACCO ukisema utarudisha.

Hatua ya 5: Laini ya simu ndiyo ufunguo wa kila kitu

Benki, M-Pesa, iTax, zote hukutumia nambari ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya nyumbani. Laini ikifa, umefungiwa nje ya pesa zako mwenyewe.

Washa romingi, yaani laini kufanya kazi nje ya nchi, ukiwa bado Kenya, na jaribu kwa kupiga huduma kwa wateja uulize kama imewaka. Zima data ya hiyo laini, iache ipokee ujumbe tu. Nunua simu ya laini mbili, ya Qatar upande mmoja na ya nyumbani upande wa pili. Iwekee salio na itumie mara kwa mara, hata kwa kununua salio la shilingi 20, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na nambari hupewa mtu mwingine.

Tahadhari kubwa: usimwachie ndugu laini hiyo "akusaidie". Mwenye laini na namba ya siri ndiye mwenye pesa, na kukopa kwa jina lako kunachukua dakika 2. Namfahamu dada aliyerudi Likoni akakuta jina lake lina mikopo mitatu ya simuni asiyowahi kuiomba.

Dada anayekwenda kufanya kazi za nyumbani alisome hili mara mbili. Kuna nyumba ambazo kutoka nje ni mara moja kwa wiki, au pungufu, na duka la kutuma pesa liko mbali. Kwake programu ya kutuma pesa kwa simu si anasa, na mshahara kuingia kwenye akaunti yake badala ya kushikiwa na mwenye nyumba ni jambo la kulisemea tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Siku ya mshahara, fuata mpangilio

Jioni ya mshahara maduka ya kutuma pesa hujaa. Wafilipino, Wanepali, Wahindi na sisi, kila mmoja ameshika simu akimwambia mtu nyumbani asubiri. Hapo ndipo akili huhama. Nenda na karatasi yako.

Kwanza, tuma ya benki, yaani ya madeni. Pili, tuma ya nyumbani. Tatu, bakiza yako ya kuishi huku, pamoja na nauli na salio. Kilichobaki ndicho cha maombi. Ukianza na maombi, hutafika benki.

Kuchagua duka au programu ya kutumia, usiulize ada ni ngapi. Uliza hivi: "Nikikupa riyali 1,000, Kenya watapokea shilingi ngapi?" Kuna wanaotangaza ada sifuri na kujilipa kwenye bei ya kubadilisha. Swali hilo linafunua vyote viwili. Uliza sehemu tatu, utaona tofauti ya mia kadhaa za shilingi, na kwa miaka 2 ni ada ya muhula mzima ya chekechea.

Tuma kwa mafungu makubwa machache. Tuseme ada ni riyali 15 kila utumapo: mara 2 kwa mwezi ni 30, mara 6 ni 90. Hizo 60 zilizozidi ni zaidi ya shilingi elfu mbili kila mwezi, zimeliwa na huruma ya kutuma kidogo kidogo kila mtu akilia.

Jina la mpokeaji liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. "Mama Salim" hapokei pesa. Na kama unatuma nyingi kwa M-Pesa, kumbuka muamala mmoja hauvuki shilingi 250,000 na mfuko wa M-Pesa haushiki zaidi ya 500,000.

Kuhusu siku: Doha na Mombasa saa ni moja, hapo tuna bahati. Lakini wikendi ya Qatar ni Ijumaa na Jumamosi, na benki za Kenya Jumapili hazifungui. Ukituma kwa akaunti ya benki Alhamisi jioni, usishangae ikiingia Jumatatu. M-Pesa huingia kwa dakika. Ukiwa umebakiwa na siku 3 kufika tarehe 15, jitumie M-Pesa yako kisha uingize benki kutoka hapo.

Hatua ya 7: Lipa ofisi, usilipe kupitia mtu

Mwaka wangu wa kwanza nilimtumia binamu yangu shilingi 9,400 kila mwezi akanilipie SACCO, kwa kuwa ofisi iko hatua chache kutoka kazini kwake. Mwezi wa kwanza alinipigia risiti picha. Wa pili akasema mtandao wao uko chini, risiti kesho. Wa tatu sikuuliza, nilikuwa kwenye zamu za usiku. Mwezi wa tano nikapata ujumbe wa sauti wa sekunde 11 kutoka kwa mwalimu mmoja aliyenidhamini: "Ndugu yangu, wamekata hisa zangu. Uko salama?"

Hakutukana. Nilikuwa nimekaa juu ya ngazi za jengo ninalolinda, saa 9 usiku, nikausikiliza mara tatu. Binamu si mwizi. Mtoto wake alilazwa, akaazima wiki moja, wiki ikazaa nyingine. Nilimlipa mwalimu kwa miezi 7, na siku hiyo hiyo nikaandika lile agizo la benki.

Basi karo ya shule ilipe kwenye akaunti ya benki ya shule, ukiandika nambari ya mtoto ya shuleni. Mihula ni mitatu, na wa Januari ndio mzito kwa sababu ya sare na vitabu, basi anza kuuwekea tangu Oktoba. Hospitali, lipa kwa Paybill ya hospitali, yaani nambari yake ya malipo ya M-Pesa. Kodi ya nyumba, mtumie mwenye nyumba. Awamu za ploti ziende kwenye akaunti ya kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba, kamwe si simu ya mfanyakazi wao anayesema ofisi imefungwa.

Kama lazima mtu atie saini kwa niaba yako, mathalan kwenye uhamisho wa ardhi, mwandikie hati ya uwakilishi kwa wakili. Iwe ya jambo hilo moja, ploti hiyo moja, na iwe na mwisho. Hati ya jumla inayosema "mambo yangu yote" ni kama kumwachia mtu ngozi yako. Ikiwa umeshaondoka, ubalozi wa Kenya ulioko Doha ndipo pa kuanzia kuulizia utiaji saini wa hati kama hiyo.

Hatua ya 8: Zile za serikali

KRA: ritani ya kodi ya kila mwaka inatakiwa kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata, uwe na kazi Kenya au huna. Kuchelewa ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Kosa la kawaida ni kubonyeza ritani ya sifuri mwaka ule ule ulioondoka. Kama ulifanya kazi Mombasa Januari hadi Mei, una P9 ya miezi hiyo, yaani karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi uliyokatwa, na si sifuri. Idai P9 kwa mwajiri kabla hujaaga, maana ukishaondoka hakuna anayeikumbuka. Miaka inayofuata, swali la kama mshahara wa nje unaingia kwenye ritani linategemea ukaazi wako kikodi. Hilo muulize mtu wa kodi, si kijana wa saiba.

Bima ya afya: tangu 1 Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Ulipokuwa kazini ulikatwa asilimia 2.75 ya mshahara na mke na watoto wakatibiwa kwa jina lako. Ukiacha kazi, makato yanakoma na wao wanabaki nje. Mwenzio ajisajili kama mchangiaji mwenyewe na mlipe mchango wa mwaka. Fanyeni hilo wiki ya kuondoka, msisubiri mtoto apate malaria.

Hatua ya 9: Chama na maombi

Chama cha mzunguko ni deni, kiandike kwenye karatasi ya madeni. Usimtume mtu akuwakilishe. Mwombe mweka hazina apokee mchango wako kwa simu na zamu yako ya kupokea isogezwe mbele au nyuma kadiri inavyokufaa. Kama una vyama vitatu, toka kwenye viwili kwa heshima baada ya kumaliza mzunguko.

Maombi ya ndugu nayo yapewe mfuko wake. Wangu ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Ukiisha, umeisha. Siwafichi. Huandika hivi: "Shikamoo shangazi. Nimelipata la paa. Mwezi huu mfuko umeisha, nimekuandika wa kwanza mwezi ujao." Shangazi hufurahi kuandikwa wa kwanza kuliko kuambiwa "nitaona". Msiba ni kando. Msiba sijaupangia, na wala sitajifanya nimeupangia.

Mambo yakienda kombo

*Mshahara umechelewa.* Siku hiyo hiyo, kabla tarehe ya deni haijafika, iandikie SACCO barua pepe na umwambie mdhamini. Kuomba kabla na kueleza baada ni vitu viwili tofauti. Huku Qatar mshahara wa mfanyakazi wa kampuni lazima upite benki kwa mfumo unaofuatiliwa na serikali, kwa hiyo kama siku imepita bila kuingia una mahali pa kushtaki: Wizara ya Kazi. Piga picha za taarifa ya benki.

*Nambari ya uthibitisho haiji.* Zima simu uiwashe, kisha chagua mtandao wa Qatar kwa mkono badala ya kuiacha ichague yenyewe. Mara nyingi ni hapo tu. Kama laini imefungwa, piga kampuni ya simu mwenyewe, usimtume mtu na picha ya kitambulisho chako.

*Pesa imekwama kwa sababu ya jina.* Rudi ulikotumia na risiti, wanaweza kurekebisha jina au kukurudishia. Usitume nyingine kabla hiyo haijarudi.

*Umejitumia M-Pesa, halafu ukaipeleka nambari isiyo yako.* Peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Kila dakika unayompigia mpokeaji kumsihi ni dakika anayoweza kuzitoa pesa hizo.

*Wadhamini wameshakatwa.* Mpigie kila mmoja kwa sauti, si kwa maandishi. Mwambie utamlipa kiasi gani na tarehe gani, kisha mlipe yeye moja kwa moja kwa kiasi hicho hicho kila mwezi. Waombe SACCO taarifa ya nani amekatwa kiasi gani, maana kumbukumbu za watu hutofautiana pesa zikihusika.

*Umeingizwa CRB, yaani kwenye orodha ya wasiolipa mikopo.* Lipa malimbikizo, kisha mdai aliyekuingiza apeleke taarifa kwamba umelipa. Haifutiki yenyewe kwa kulipa tu. Fuatilia mpaka uone.

*Benki ya huku inakupa mkopo wa kumaliza deni la nyumbani.* Kataa, isipokuwa umekaa na karatasi na riba zote mbili na bado inaleta maana. Deni la hapa lisipolipwa linaweza kukuzuia kutoka nchini, na hapo huna SACCO ya kuiomba ikusubiri.

*Umepoteza kazi.* Kwanza hesabu haki zako. Kwa sheria ya Qatar, aliyemaliza mwaka mmoja anastahili malipo ya mwisho yasiyopungua mshahara wa msingi wa wiki 3 kwa kila mwaka. Hayo yaende kwenye akaunti ya madeni yakiwa mazima, hata kabla ya kununua sanduku la zawadi. Kisha SACCO: omba kusimamishiwa, ukiwa bado una miezi miwili mkononi. Kabla ya kupanda ndege, hamisha salio lote la akaunti ya Qatar na uifunge. Mimi niliacha riyali 212 kwa kudhani nitarudi wiki 3 baadaye, na mpaka leo bado zimo kwenye akaunti ile, kama hazijaliwa na ada.